Kuisoma Historia ya Vijijini kwa Ramani za Zamani za Topografia: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Kongwa na Mpwapwa

Vijiji vingi vya Tanzania Bara tunavyoviona leo vimepangwa kando ya barabara, na mgeni akipita hudhani vimekuwa hapo tangu enzi. Katika sehemu kubwa ya Mkoa wa Dodoma mpangilio huo ni wa juzi tu: ulianza na Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, ukafuatiwa na agizo la mwaka 1973 lililotaka wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia katika vijiji kufikia mwisho wa mwaka 1976. Kabla ya hapo kaya za Wagogo zilikuwa zimetawanyika, kila ukoo ukiwa na tembe zake (nyumba za udongo zenye paa tambarare), mazizi yake na korongo lake la kuchimba maji wakati wa kiangazi. Waliozaliwa katika makazi hayo sasa ni wazee, na mahame yenyewe yamefunikwa na vichaka. Hata hivyo, sehemu kubwa ya makazi hayo iliwahi kuchorwa katika ramani za topografia, yaani ramani zinazoonyesha milima, mito, njia na makazi, nazo bado zinapatikana kwa anayejua pa kuzitafuta.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzipata ramani hizo, kuzilinganisha na kwenda nazo hadi mahali penyewe. Mfano unaotumika ni eneo la Kongwa na Mpwapwa, kwa sababu kuanzia karne ya 19 hadi miaka ya 1970 eneo hilo lilipitiwa na misafara ya wapagazi, reli ya kati, mpango wa karanga wa Waingereza na operesheni ya vijiji, na kila kimoja kiliacha alama yake ardhini. Msomaji wa Nachingwea, Urambo, Kitui au Machakos anaweza kuzifuata hatua hizi hizi akibadilisha majina tu. Jambo moja lishikwe tangu mwanzo: ramani moja, hata iwe nzuri namna gani, husema machache. Historia huonekana pale karatasi mbili za nyakati tofauti zinapopingana.

Hatua ya kwanza: Punguza eneo na uwe na swali

Karatasi moja ya kipimio cha 1:50,000 (sentimita moja ya ramani ni nusu kilomita ardhini) hufunika dakika 15 za latitudo kwa dakika 15 za longitudo, yaani takriban kilomita 27 na nusu kila upande. Hilo ni eneo kubwa kuliko mtu mmoja anavyoweza kulitembea na kulielewa. Chagua kata moja au bonde moja la mto, kisha andika swali ambalo ramani inaweza kulijibu. “Historia ya Kongwa” si swali. “Watu wa kitongoji hiki waliishi wapi kabla ya operesheni, na walichota maji wapi?” ni swali, na jibu lake linaweza kuwekewa alama ya penseli.

Hatua ya pili: Kusanya ramani za vipindi vitatu

Kipindi cha kwanza ni cha Wajerumani. Ramani yao kuu ya koloni lote ilichapwa Berlin na kampuni ya Dietrich Reimer kwa kipimio cha 1:300,000, chini ya usimamizi wa wachoraji Paul Sprigade na Max Moisel. Nakala zimehifadhiwa katika maktaba kubwa za Ujerumani, ikiwemo Staatsbibliothek ya Berlin, na baadhi ya karatasi zimeshawekwa mtandaoni kwa ubora unaotosha kabisa kwa kazi hii.

Kipindi cha pili ni cha Waingereza na miaka ya mwanzo ya uhuru. Mwaka 1946 Uingereza iliunda idara ya upimaji wa makoloni, ambayo tangu mwaka 1957 ilijulikana kwa kifupi cha DOS (Directorate of Overseas Surveys). Idara hiyo ilipiga picha za anga na kuchora ramani za 1:50,000, ambazo kwa Tanzania huitwa mfululizo wa Y742 na kwa Kenya Y731. Kwa mtafiti wa historia ya vijijini hizi ndizo ramani zenye thamani kubwa kuliko zote, kwa kuwa nyumba zimechorwa moja moja kwa nukta. Kwa Tanzania ziulizie katika idara ya upimaji na ramani ya wizara inayoshughulikia ardhi, na kwa Kenya katika ofisi ya upimaji ya taifa iliyoko Ruaraka, Nairobi. Picha za anga zenyewe, ambazo mara nyingi huonyesha mengi kuliko ramani iliyotokana nazo, zimehifadhiwa katika hazina ya taifa ya picha za anga iliyoko Edinburgh.

Kipindi cha tatu ni toleo jipya la karatasi hiyohiyo pamoja na picha za setilaiti. Hapa kuna hazina ambayo wengi hawaifahamu: setilaiti za kijasusi za Marekani za mradi wa CORONA zilipiga picha za dunia kati ya mwaka 1960 na 1972, na picha hizo ziliruhusiwa kutazamwa na umma mwaka 1995. Zinapatikana katika tovuti ya idara ya jiolojia ya Marekani, na palipo na picha isiyo na mawingu, mtafiti wa Dodoma anaweza kuiona ardhi ilivyokuwa muda mfupi kabla ya operesheni.

Ukiwa ofisini, taja namba ya karatasi wala usitaje jina la kijiji peke yake. Kwa Tanzania namba hizo zina sehemu mbili zilizotengwa kwa mkwaju (/): ya kwanza ni ya mraba wa nusu digrii, na ya pili, kuanzia 1 hadi 4, ni ya robo yake, ambapo 1 ni kaskazini-magharibi, 2 kaskazini-mashariki, 3 kusini-magharibi na 4 kusini-mashariki.

Hatua ya tatu: Soma pambizo kabla ya kuisoma ramani

Wanaoanza kazi hii hukimbilia katikati ya karatasi kutafuta kijiji chao. Ni vyema kuanza pembeni, kwa sababu pambizo ndiyo inayokuambia ramani inashuhudia wakati gani. Tafuta tarehe tatu ambazo mara nyingi hazilingani: mwaka picha za anga zilipopigwa, mwaka mpimaji alipokwenda kuhakiki majina na njia, na mwaka wa kuchapwa. Ramani iliyochapwa mwaka fulani inaweza kutegemea picha zilizopigwa miaka kumi kabla yake. Ukiichukulia tarehe ya kuchapwa kuwa ndiyo tarehe ya makazi, hesabu zako zote za baadaye zitakwenda upande. Andika tarehe hizo tatu juu ya nakala yako kwa wino mwekundu.

Kisha soma ufunguo. Tofautisha nukta ya nyumba, mstari wa vipande wa njia ya miguu, alama ya kisima, ya josho, ya lambo, ya shule na ya zahanati, pamoja na vifupisho vyake. Angalia pia kama kontua, yaani mistari ya kuonyesha mwinuko, zimepimwa kwa futi au kwa mita. Ramani nyingi za DOS zina tahadhari kwamba kuonyeshwa kwa njia si ushahidi wa haki ya kupita, na hali ni hiyohiyo kwa mipaka. Ikumbuke tahadhari hiyo, kwani utaihitaji utakapofika kijijini.

Ramani ya Wajerumani inahitaji usomaji wa namna nyingine. Sehemu yake kubwa haikutokana na upimaji wa eneo lote bali ilitokana na safari: afisa au msafiri alitembea na dira na saa, akaandika mwelekeo, muda wa mwendo, vijito alivyovuka na vilima alivyoviona kila upande, kisha wachoraji wa Berlin wakaziunganisha njia za wasafiri wengi. Kwa hiyo maelezo hujaa kando ya njia na hupungua kadiri unavyoiacha. Nafasi nyeupe maana yake ni kwamba hakuna msafiri mwenye daftari aliyepita hapo, wala haithibitishi kwamba hapakuwa na watu. Naona hili ndilo kosa linalorudiwa zaidi katika maandishi ya historia za vijiji, kwani mtu huona weupe wa karatasi akaandika kwamba babu zake walihamia kwenye pori tupu.

Hatua ya nne: Ziweke ramani katika mahali pake kwa kompyuta

Skani kila karatasi kwa ubora usiopungua nukta 300 kwa inchi. Picha ya simu huvuta pembe na kukupotezea usahihi, kwa hiyo itumike pale tu ofisi inapokataza skana. Baada ya hapo tumia programu ya QGIS, ambayo ni ya bure na ina kifaa cha kuipa ramani koordineti, yaani namba zinazotaja mahali.

Kwa karatasi za DOS zilizochapwa gridi ya UTM (miraba yenye namba inayoigawa dunia kwa kanda), bofya makutano ya gridi, manne ya pembeni na mengine kadhaa ya katikati, kisha ingiza namba zake kama zilivyoandikwa. Lililo muhimu ni kuchagua mfumo sahihi wa kuhesabia koordineti, ambao kwa kawaida ni Arc 1960. Simu yako hutumia WGS 84, na tofauti ya mifumo hiyo miwili katika gridi ni takriban mita 300 upande wa kaskazini na kusini. Ukiipuuza, utakwenda kutafuta mahame ya tembe upande usio wake wa korongo. Katika QGIS, Arc 1960 ya kanda ya 36 kusini ina namba 21036, na ya kanda ya 37 kusini ina namba 21037. Mpaka wa kanda hizo ni longitudo ya digrii 36 mashariki, ambayo hupita kati ya jiji la Dodoma na Kongwa, kwa hiyo anayefanya kazi pande zote mbili atahitaji mifumo yote miwili.

Ramani ya Wajerumani haitatulia kirahisi hivyo. Tafuta sehemu ambazo hazikuhama, kama vilele vya milima, stesheni za reli ya kati kama Gulwe na Msagali pale zinapoonyeshwa, na makanisa ya misheni za zamani. Usitumie mito ya mchanga, kwa kuwa huhama. Weka angalau sehemu kumi na mbili zilizoenea karatasi nzima na uchague njia ya kugeuza inayoruhusu karatasi kujikunja, halafu ukubali kwamba milimita moja katika ramani hiyo ni mita 300 ardhini. Nukta ya kijiji inaweza kuwa imekosea kwa kilomita moja au mbili, nayo hutosha kuonyesha bonde la kutafuta, lakini haitoshi kuonyesha nyumba.

Hatua ya tano: Tafuta kilichotoweka na kilichotokea

Sasa ramani zote zimo katika dirisha moja na unaweza kuifunika moja kwa nyingine. Tengeneza jedwali lenye safu nne: kitu, ramani kinamoonekana, ramani kisimoonekana, na maelezo unayoyashuku. Kila mstari wa jedwali hilo utakupa kipindi ambamo jambo lilitokea, hata kama hakuna aliyeliandika.

Anza na njia. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa, ikaenda Chunyu, kisha ikaingia nyika ya Marenga Mkali iliyoogopwa na wapagazi kwa ukosefu wa maji. Reli ya kati ilipojengwa, ikifika Morogoro mwaka 1907 na Dodoma mwaka 1910, ilifuata bonde la mto Kinyasungwe na kupita Gulwe, kusini mwa Mpwapwa. Ukizitazama karatasi za kabla na baada ya reli utaona jinsi uzito ulivyohama kutoka kituo cha misafara kwenda kwenye stesheni. Reli hiyohiyo ni kipimo cha kukisia umri wa karatasi usiyoijua tarehe yake: kama haionyeshwi Gulwe wala Msagali, maelezo yake yalikusanywa kabla haijafika huko.

Kisha tafuta mistari iliyonyooka. Maumbile hayachori mistari mirefu iliyonyooka, na mkulima wa jembe la mkono pia hana sababu ya kuichora. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Kongwa mpango wa kulima karanga kwa mashine, wakitumia, miongoni mwa mengine, matrekta yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Lengo la awali lilikuwa zaidi ya ekari milioni tatu, na kwa Tanganyika kazi ilifanyika katika maeneo matatu ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mvua haikutosha, udongo wa Kongwa ulikuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, na mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango huo baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Tawi la reli kutoka Msagali hadi Kongwa lililojengwa kwa ajili yake liling’olewa, kama ilivyokuja kutokea kwa reli ya Mtwara na Nachingwea iliyofungwa mwaka 1962. Sehemu ya mashamba iligeuzwa kuwa ranchi ya ng’ombe. Katika ramani fuatilia tuta la reli lisilo na reli, barabara zinazokutana kwa pembe za mraba katikati ya vichaka, na mipaka ya mashamba isiyofuata mto wala kilima.

Baada ya mistari tazama nukta. Hesabu nyumba katika kila mraba wa kilomita moja kwenye karatasi ya kabla ya operesheni, kisha katika ile ya baadaye. Pale ambapo nukta thelathini zimegeuka kuwa sifuri umepata mahame, na pale zilipojipanga safu mbili kando ya barabara umepata kijiji cha operesheni. Ziangalie pia njia za miguu: njia tano zinazokutana mahali ambapo hapana kitu zilikuwa zikienda kwenye kitu, nacho kwa kawaida huwa ni kisima, mnada au baraza la mtemi.

Yapo pia mambo usiyotarajia kuyakuta. Tangu mwaka 1964 Kongwa ilikuwa na kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, zikiwemo za ANC, FRELIMO na SWAPO, na mambo ya kijeshi si kawaida kuwekwa katika ramani ya kuuzwa dukani. Kwa hayo utawategemea watu.

Hatua ya sita: Panga majina

Mchoraji Mjerumani aliandika alichosikia kwa tahajia ya kwao. Sauti yetu ya j aliiandika dj au dsch, ch akaiandika tsch, sh akaiandika sch, na z mara nyingi akaiandika s. Ndiyo sababu Ujiji ni Udjidji, Mwanza ni Muansa, Kilosa ni Kilossa, na Mpwapwa ni Mpapua. Soma jina kwa sauti kabla ya kuamua kwamba hulijui.

Ugumu zaidi ni kwamba wasafiri wengi waliandika jina la mtawala kama jina la mahali. Mtawala alipofariki au kuhama, jina lilihama naye au likafa. Kwa hiyo jina lililotoweka katika ramani ya pili si lazima liwe kijiji kilichotoweka. Liulize kwanza katika koo, maana huenda ukalikuta kama jina la babu wa mtu.

Hatua ya saba: Nyaraka na wazee

Katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, omba Vitabu vya Wilaya, ambamo maofisa wa Kiingereza waliandika habari za watemi, njaa, mipaka na uhamaji. Vilevile uliza rejista za ubatizo za misheni, kwa kuwa mara nyingi hutaja kitongoji cha mzazi, nazo ni hazina ya kweli kwa anayetaka kujua nani aliishi wapi.

Kwa wazee nenda na nakala iliyokuzwa, ya ukubwa wa A2 ikiwezekana, na uitandaze chini kivulini. Baada ya shikamoo na mazungumzo ya kawaida, usianze kwa kuuliza mwaka. Ielekeze ramani kaskazini halisi, onyesha kilima kinachoonekana kwa macho, onyesha korongo la karibu, kisha acha babu au bibi afuate njia kwa kidole chake mwenyewe. Asiyesoma ramani kwa kawaida huielewa haraka akianza na kilima anachokijua. Tarehe zipate kwa matukio: njaa ya Mtunya ya mwaka 1918 hadi 1920 ambayo wazee wa leo waliisikia kwa wazazi wao, wakati wa karanga, uhuru, operesheni. Wahoji wanawake pekee yao pia, kwa sababu habari za visima, kuni na njia za kwenda kusaga wao ndio wanaozijua, na katika baraza la pamoja huwaachia wanaume waseme.

Hatua ya nane: Kwenda mahali penyewe

Usiingie porini na ramani kabla ya kuonana na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji ukiwa na barua ya utambulisho. Mtu mwenye ramani ya Kijerumani huhisiwa mara mbili: kwanza kwamba anapima ardhi ya watu, pili kwamba anatafuta mali iliyozikwa na Wajerumani. Uvumi huo wa pili umesababisha bikoni (alama za kudumu) za upimaji kuvunjwa na watu waliodhani zina dhahabu chini yake. Eleza mapema kwamba ramani yako haithibitishi umiliki wala mpaka wa mtu yeyote, na onyesha ile tahadhari ya pambizo. Chukua mwenyeji wa kufuatana nawe na umlipe posho yake.

Wakati unaofaa ni baada ya mavuno, kuanzia Juni hadi Oktoba, majani yakiwa yamepukutika na ardhi ikionekana. Pakia ramani zako katika QField, programu ya simu inayofungua kazi za QGIS, ili simu ikuonyeshe ulipo hata pasipo na mtandao, na beba nakala ya karatasi kwa ajili ya siku betri itakapoisha. Ukikaribia nukta, usitarajie kuta. Tembe huanguka na kuwa kichuguu kirefu cha udongo kisichofika magotini. Yanayodumu ni minyaa iliyokuwa ua wa zizi, mawe ya kusagia yaliyolika katikati, vigae vya vyungu, udongo mweusi wa samadi unaostawisha majani kuliko jirani yake, na mibuyu. Miembe mikubwa iliyosimama peke yake mbali na nyumba huweza kuashiria mapito ya misafara au makazi ya wafanyabiashara. Katika tuta la reli tafuta kalavati na kokoto zisizo za eneo hilo.

Piga picha, andika koordineti, na usichukue kitu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba bila kibali. Makaburi usiyakaribie pasipo ruhusa ya ukoo husika.

Hatua ya tisa: Kuhifadhi ulichokipata

Kila mahali palipothibitishwa pape namba, jina kwa tahajia ya leo na za zamani, koordineti pamoja na mfumo wake, ramani panapoonekana, jina la aliyekueleza kama amekubali kutajwa, na kiwango cha uhakika: pameonekana ardhini, pamesimuliwa tu, au pamo katika ramani pekee. Viwango hivyo vitatu visichanganywe katika maandishi yako. Koordineti za makaburi na za matambiko zisitolewe hadharani, ila zibaki katika nakala ya ukoo. Nakala iliyochapwa ya ramani yako mpya, yenye mahame yote kwa majina yake, iachwe ofisi ya kijiji na nyingine shule ya msingi, ikiwa na tarehe ya siku ulipoikamilisha iliyoandikwa pambizoni.